Kuteleza kwenye tenisi: uanzie udongo, uanzie simenti ama uachane nako kabisa?

Siku hizi mtu akimaliza kumtazama Alcaraz ama Djokovic usiku, asubuhi yake anakuja uwanjani anataka kuteleza kama wao, akiufuata mpira mguu uburuzike mpaka asimame. Mtu ana miaka arobaini na kitu, wiki nzima amekaa kwenye kiti ofisini, Jumamosi anataka apasue miguu kwenye simenti yenye mchanga wa pwani. Sisemi hawezi, wapo wanaoweza, lakini swali hili naulizwa sana na jibu langu huwa refu kuliko subira ya anayeuliza, kwa hivo naliandika lote hapa mara moja.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kujifunzia kwenye uwanja wa udongo, ile kleyi nyekundu, halafu ukishazoea ndo uje simenti. Ya pili ni kujifunzia moja kwa moja kwenye simenti iliyopakwa rangi, manake ndo uwanja tulonao wengi hapa Mombasa. Ya tatu ni kutoteleza, ujue kufunga breki kwa hatua fupi fupi na basi. Hiyo ya tatu watu huidharau, wanaiona ni ya wazee na waliochoka, mimi naipa heshima sawa na zile mbili.

Kabla hujachagua jiulize mambo matano: breki inashika vipi, mwili unalipa nini ukikosea, uwanja gani unaufikia kweli kweli, mguuni umevaa nini, na je una muda na mtu wa kukutazama unapojifunza. Nitazipitisha njia zote tatu kwenye mambo hayo hayo, pengine nitakaa sana, pengine nitapita tu.

Breki inavyoshika

Kuteleza si madoido. Ni kupunguza mwendo bila kulitwika goti na kifundo mzigo wote kwa mpigo mmoja. Unakimbilia mpira, mguu wa mwisho unatua mbali na mwili, unateleza kidogo, ukisimama uko chini, uko imara na unaweza kurudi katikati saa hiyo hiyo.

Kwenye udongo pale juu pana unga wa matofali yaliyosagwa. Roland Garros kule Paris, yale mashindano makubwa ya udongo, unga wenyewe ni kama milimita 1 mpaka 2 tu, chini yake ndo kuna mawe ya chokaa yaliyosagwa na matabaka mengine. Zile punje zinabiringika chini ya soli, kwa hivo mguu unaenda hata kama hukuja na kasi ya ajabu. Na utelezi unaanza kabla hujapiga: unateleza kuuingilia mpira, raketi ikigusa mpira wewe uko karibu kusimama. Ukipiga kwanza halafu ndo uanze kuteleza umechelewa, utakwenda zako mpaka kwenye uzio huku mwenzako ashaupeleka mpira upande wa pili.

Simenti ni hesabu nyengine. Rangi ya uwanja huchanganywa na mchanga laini makusudi ili kiatu kishike. Kwa hivo ili kiteleze, nguvu inayokusukuma pembeni lazima iushinde msuguano unaokishikilia kiatu chini, yaani uje na kasi, mguu utue mbali na mwili, na usiuelemee uzito wote pale mwanzo. Na hapa ndo wengi wanapoumia: mtu anaogopa, anakwenda pole pole eti ajaribu kwanza, halafu akifika anakanyaga kwa nguvu. Pole pole ukachanganya na kukanyaga ndo dawa ya kukwama. Kiatu kimeshika, mwili unaendelea na safari. Kingine ni kwamba utelezi wa simenti ni mfupi na mara nyingi unatokea wakati unapiga ama ushapiga, hauanzi mapema kama wa udongo, kwa hivo aliyezoea udongo akija simenti bado ana kitu cha kujifunza, asidhani ni kuhamisha tu.

Hatua fupi breki yake imegawanywa. Mpinzani anapopiga unafanya kiruko kidogo, unakwenda na hatua mbili tatu ndefu, ukiukaribia mpira unazikata ziwe ndogo ndogo mpaka umesimama sawa, unapiga, unavusha mguu mmoja mbele ya mwengine kurudi. Hasara yake iko wazi: ule mpira wa mbali kabisa pembeni ama huufikii, ama unaufikia na unachelewa kurudi. Faida yake ni kwamba inafanya kazi popote, hata kwenye nyasi. Angella Okutoyi wetu alichukua ubingwa wa wasichana wawili wawili kule Wimbledon 2022, yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, na kwenye nyasi bila hatua fupi huendi mbali.

Mwili unalipa nini

Utasikia watu wakisema udongo ni salama. Ni kweli una huruma kwa magoti, manake mwendo unapungua taratibu. Lakini kumbuka Juni 3, 2022, nusu fainali ya Roland Garros, Alexander Zverev na Nadal, seti ya pili iko 6-6. Zverev akakimbilia mpira upande wake wa kulia, kifundo kikapinduka kwa nje, kano zikakatika, akatolewa na kiti cha magurudumu, aliporudi kuaga alikuwa na magongo. Udongo bora duniani huo, na mchezaji wa kiwango cha juu kabisa.

Kilichopinduka pale ndicho kitu cha kuelewa kuliko vyote, kwenye udongo na kwenye simenti. Sema unateleza kulia kwa mguu wa kulia na vidole vimetazama neti. Upande wa kidole kidogo ndo uliotangulia mbele ya safari. Ukiuacha upande ule ukwaruze chini utachimba, utashika, na mwili wako wa kilo themanini utapita juu yake. Kwa hivo upande unaotangulia uinuliwe kidogo tu, uzito ukae upande wa kidole gumba, goti likunjwe na lielekee kule viliko vidole, lisianguke ndani. Ukitaka kujua kama mwenzio anafanya sawa wala huna haja ya kumtazama akicheza, muombe kiatu ukigeuze: kimelika upande wa ndani, sawa, kimelika ukingo wa nje, mwambie asimamishe mambo mpaka kocha amtazame.

Udongo pia hukutafuta kwenye paja la ndani. Mguu unaendelea kwenda ulipodhani umesimama, miguu inaachana, na huo msuli kama hujautayarisha utakuambia kesho yake unapopanda ngazi.

Simenti haina msamaha, hiyo ndo tofauti. Kosa la udongo mara nyingi linakutia vumbi kwenye kaptula, kosa la simenti linakwenda moja kwa moja kwenye goti, kifundo ama nyonga. Wale tunaowaona kwenye TV wana historia yao. Kim Clijsters wa Ubelgiji alikuwa akipasua miguu mpaka chini kwenye viwanja vigumu miaka ya 2000, na mwili wake ulikuwa mlaini kupita kiasi. Djokovic na Sinner, yule Mtaliano, wote wawili wamekulia kwenye skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji, Sinner mpaka miaka 13 ndo akaamua tenisi peke yake. Hao ukingo wa mguu wameujua tangu utotoni wakiwa kwenye theluji, na sisi huku theluji yetu ni ya ndani ya friji.

Hatua fupi zinalipisha kidogo kidogo: vigimbi, visigino na pumzi. Saa nne asubuhi jua la Mombasa limesimama na jasho halikauki, kukata hatua ndogo ndogo kwa seti mbili si mchezo, na mtu akichoka huziacha hatua, anaanza kunyoosha mguu tu, na hapo anateleza bila kupanga. Wala si kinga ya kila kitu. Juni 29, 2021 Serena Williams na Adrian Mannarino wote waliumia siku moja kwenye uwanja mkuu wa Wimbledon, nyasi zimelowa kidogo chini ya paa lililofungwa. Chini pakiwa na unyevu, miguu mizuri peke yake haitoshi.

Uwanja tunaoufikia

Hapa ndo njia ya kwanza inapokwama kwa wengi wetu. Udongo wa kweli uko zaidi Nairobi, Nairobi Club na Karen Country Club, ambako hata mashindano ya kimataifa yamechezwa kwenye kleyi. Kwa mtu wa Likoni ama Kisauni hiyo ni safari ya treni ya SGR na kulala. Ukisikia hoteli fulani ya mwambao ina uwanja wa udongo, piga simu kwanza uulize kama unamwagiwa maji na kuburutwa wavu, manake udongo ambao hautunzwi ni hatari kuliko simenti. Miezi ya kaskazi, Januari na Februari, ukikosa maji unakuwa vumbi juu na mwamba chini, utateleza mpaka usipotaka. Masika ikianza Aprili unalowa na unashika. Angalia na ile mistari ya plastiki, kama imeinuka na kichwa cha msumari kinachungulia usiingie kabisa. Na tafadhali murram si kleyi. Uwanja wa murram una kokoto, kokoto moja chini ya soli inatosha kukupeleka usikotaka.

Simenti tunayo, lakini tunayo ya aina yetu. Kusi likivuma usiku, asubuhi nyuma ya mstari wa mwisho kuna mchanga mwembamba ambao ukiwa umesimama huuoni. Inama upitishe kiganja. Kikirudi na punje zimeganda kwenye jasho, hapo hapatelezwi mpaka pafagiliwe. Viwanja vya karibu na pwani vina mivinje, yale majani yake membamba yanajikusanya pembeni kwenye uzio, na pembeni ndo huko huko unakokimbilia mpira wa mbali. Mguu mmoja ukiwa juu ya mchanga na mwengine juu ya rangi safi wewe umekuwa tuktuk iliyoingiza gurudumu la mbele mchangani, unakata kona na yenyewe inakwenda mbele tu. Kisha kuna rangi iliyochakaa: katikati pamebaki simenti tupu inakwaruza, pembeni rangi bado ipo inateleza, na mistari nyeupe nayo ina utelezi wake hasa saa kumi na mbili asubuhi kukiwa na umande. Kwenye uwanja wa hivo hujui mguu utashika wapi, na kuteleza kunataka ujue.

Hatua fupi, uwanja wowote mkavu unatosha. Sina la kuongeza.

Viatu

Viatu vya kukimbilia viwekwe kando kwa njia zote tatu, soli yake ni laini na imeinuka, imetengenezwa kwenda mbele tu, ukiipeleka pembeni inakubinua. Kwa udongo unataka soli ya meno ya zigzagi kuanzia mbele mpaka kisiginoni, inashika inapotakiwa na inautoa ule unga usigande. Kwa simenti unataka mpira mgumu zaidi, na zigzagi isiyokwenda ndani sana. Kiatu cha udongo ukikileta simenti meno yanaisha haraka na kabla hayajaisha yanashika vibaya. Kiatu kipya kabisa usitelezee siku ya kwanza, kinang'ang'ania; kilichokwisha upara nacho kinateleza hata usipokituma.

Wengi tunanunua mitumba Kongowea, na viatu vizuri vya tenisi vinapatikana huko ukiwahi belo likifunguliwa. Ukikipata usiangalie jina tu. Kikunje katikati utazame kama mpira unapasuka vijistari, kikipasuka kimekaa sana kwenye makontena. Vuta soli pale kwenye vidole, gundi ya kiatu kilichokaa juani inaachia hapo kwanza. Geuza utazame alivyokila mwenyewe wa kwanza, kama kimeliwa upande mmoja sana kirudishe, utakuwa unateleza kwa mguu wa mtu mwengine. Nyumbani funga kamba mpaka tundu la mwisho kisigino kisicheze, soksi nene. Kwa wa hatua fupi, kiatu chochote cha tenisi chenye meno na kinachobana kisigino kinatosha, kwa hivo mfuko wake ndo unapumua zaidi.

Kujifunza kwenyewe

Udongo ndo mwalimu mwenye subira. Unaanza bila mpira: hatua tatu za kukimbia, ya nne ndefu, unakaa chini, unauacha mguu uende nusu mita, mguu wa nyuma unaburuta ncha ya kidole gumba. Usiusimamishe kwa nguvu, uache uishe wenyewe. Fanya kulia na kushoto sawa sawa manake kila mtu ana upande anaouogopa. Baada ya hapo mtu akurushie mipira kwa mkono, halafu kwa raketi, mwisho ndo mcheze. Wengi wanaipata ile hisia mapema, kinachochelewa ni kupangilia wakati, uteleze uuingilie mpira wala usiupite.

Simenti inataka maandalizi kabla hata hujaingia. Paja la ndani liwe na nguvu: kuchuchumaa kwa upande mguu mmoja umenyooka, na kulala ubavu mguu wa juu ukiwa juu ya benchi halafu unajiinua. Ukishaweza hivo bila maumivu ndo uanze, tena ukiwa umepasha mwili moto na hujachoka, mwanzo wa mazoezi wala si mwisho. Anza na upande wa fohendi, yaani ule wa mkono ulioshika raketi, mguu wa nje, sentimita chache tu. Mtu mwenye macho awepo. Niliwahi kumsikia kijana mmoja akimlalamikia kocha wake, "Mwalimu, mbona mimi hainiendei?" Akajibiwa, "Manake unaiomba, mwanangu. Kimbia kwanza, usimame baadaye." Hiyo ndo simenti: bila mwendo hakuna utelezi, na kama mwendo wenyewe huna, jibu ushalipata. Kiatu kikikwama mara mbili siku moja, funga siku hiyo.

Ile ya kuteleza na soksi sebuleni kwenye vigae naijua, inakupa hisia ya kuinua ukingo, lakini ondoa meza kwanza.

Hatua fupi zinajifunzwa hata na kamba ya kuruka uani. Ngazi ya kuchora kwa chaki, kiruko kidogo kila mtu anapopiga, hatua ndogo tatu kabla ya kila mpira hata kama umekuja miguuni. Zinachosha na hazina picha za kupost, ndo maana watu huziruka.

Sasa nani achukue ipi

Kama unacheza wikendi, uko juu ya thelathini na tano na uwanja wenu ni simenti yenye mchanga, mimi ningekwambia kaa na hatua fupi, na ukienda Nairobi kwa shughuli zako tafuta saa moja ya udongo uone kama mwili unakupenda huko. Kama mnacheza wawili wawili zaidi, hilo hilo, manake nusu ya uwanja ni ya mwenzio na mipira ya kukufanya uteleze ni michache.

Kijana anayejiandaa kwa mashindano ya Nairobi hana pa kukwepa, udongo atakutana nao, ajifunzie huko huko kabla ya siku ya mechi. Afike siku mbili tatu mapema, asiende kuteleza mara ya kwanza mbele ya mwamuzi.

Kama una kocha, uwanja wa rangi mzima unaofagiliwa, paja limeshapata nguvu na mchezo wako tayari una kasi, simenti moja kwa moja inawezekana na utaipata kwa njia inayofanana na unavyocheza kila siku. Kama kimoja kati ya hivo hakipo, subiri kipatikane.

Aliyewahi kuteguka kifundo na bado kinajaa akicheza, ama goti linalia ngazini, aanze kwa daktari ama mtu wa fiziotherapi, hatua fupi zimsubiri, simenti asiiguse. Watoto wadogo wanaokua mimi huwaacha na hatua fupi, na udongo ukipatikana wanajifunza kuteleza wenyewe kwa kucheza kabla hata hujawaeleza.

Msimu nao uuhesabu. Aprili mpaka Juni mvua ikipiga, hata aliye bora kwa kuteleza arudi kwenye hatua fupi mpaka uwanja ukauke kabisa, mistari ikiwemo.

Na kama klabu yenu iko chini ya mivinje na kila mtu anasubiri mwengine afagie, changeni mnunue mafagio mawili ya chelewa kwanza, mita mbili nje ya mistari pande zote, halafu ndo mje tubishane nani ateleze na nani asiteleze.